Cheni chafu inakurudishia saa mezani: jinsi ninavyozisafisha nyumbani, na kosa lililonila 150,000



Leo naongelea jambo dogo ambalo wengi tunaouza saa tunalipuuza: usafi wa cheni ya saa. Unaweza kusema, "Hiyo nayo ni mada?" Subiri kwanza. Jambo hili dogo liliniongezea faida kwenye kila saa ninayouza. Na jambo hilo hilo, nilipolifanya kwa pupa, lilinila shilingi 150,000 na kunipotezea mteja. Nitakusimulia yote mawili, halafu nikupe hatua zenyewe moja moja.

Mimi nauza saa za mkononi Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Kongo. Nilianza na meza ya mbao na saa 22 za mtumba. Nyingi ni saa za cheni, yaani zile zenye mkanda wa chuma, maana mkanda wa ngozi na jasho la Dar haviendani.

Kila asubuhi nilikuwa nafuta vioo, nazipanga vizuri, zinawaka juani. Watu wanasimama, wanashika, wanageuza, wanarudisha. Nikawa najiambia hali ni ngumu, hela haizunguki.

Siku moja akaja mama mmoja wa makamo, anatafuta zawadi ya kijana wake aliyepata kazi. Akachagua saa nzuri tu. Akaigeuza, akapitisha kidole gumba upande wa ndani wa cheni, kisha akanionyesha kidole. Kilikuwa cheusi.

"Mwanangu, hiki ni nini?"

"Mama, hiyo ni ya mtumba, ndiyo maana bei yake iko chini."

"Bei nimeielewa. Lakini nimpelekee mwanangu jasho la mtu nisiyemjua?"

Akaiweka chini taratibu, akaaga vizuri, akaenda meza ya tatu kutoka kwangu. Akanunua hapo. Nilimwona kwa macho yangu.

Usiku ule nikabeba saa tano nyumbani, nikatia maji na sabuni ya vyombo kwenye beseni, nikachukua mswaki wa zamani nikaanza kusugua. Maji yakageuka rangi kama chai ya rangi. Saa ambayo nilikuwa nainunua kwa 8,000 na kuhangaika kuiuza 13,000, ikaanza kutoka kwa 20,000, na mteja hagombani sana. Ile ile. Tofauti ni cheni tu.

Hapo ndipo kichwa kikavimba.

SIKU NILIYOIZAMISHA SAA YA WATU

Nikaanza kuwatangazia wateja: ukileta saa kwangu kubadilisha betri au kupunguza cheni, nakusafishia bure. Jumatano moja dada mmoja akaleta saa ya marehemu baba yake. Saa ya zamani, ile aina inayojijaza yenyewe kwa mtikisiko wa mkono. Alitaka nipunguze pingili mbili za cheni ili mdogo wake wa kiume aivae Jumamosi, siku ya harusi yake.

Hakuniomba niisafishe. Mimi ndiye niliyeona uchafu umejaa kwenye pingili, nikasema ngoja nimfurahishe. Nikaitumbukiza yote kwenye beseni, cheni pamoja na kichwa cha saa, kama nilivyokuwa nafanya kwa zangu.

Asubuhi nikakuta ukungu ndani ya kioo. Mchana ukungu ukawa matone. Jioni mshale wa sekunde ukasimama.

Nikakimbilia kwa fundi mmoja mzee. Nilivyompa shikamoo tu, hata marahaba hakuimaliza vizuri, akawa ameshaona.

"Imekunywa maji hii."

"Ndiyo, mzee. Nilikuwa naiosha."

Akaichukua, akanionyesha kibonye cha pembeni, kile cha kuvuta na kuzungusha ukirekebisha saa. Kilikuwa kimetoka nje kidogo. "Kijana wangu, hapa uliyaachia maji mlango wazi." Akafungua mfuniko wa nyuma, akatoa kimpira chembamba cha kuzuia maji. Kilikuwa kimekauka, kinakatika kama tambi mbichi. "Na huu mpira umekuzidi umri."

Ufundi ulikuwa 120,000, mipira na vipuri 30,000. Jumla 150,000, ambayo ndiyo ilikuwa hela yangu ya kuongeza mzigo. Ijumaa jioni saa ikawa inatembea. Lakini kwenye uso wake, karibu na namba sita, lilibaki doa la kahawia ambalo fundi alisema halitoki.

Dada alipokuja nilimweleza ukweli wote, sikuficha. Akaiangalia muda mrefu.

"Kaka, inatembea, nashukuru. Lakini hili doa, baba hakuliacha."

Hakugomba. Alilipia kupunguza cheni, nikakataa kupokea, akaiweka hela mezani akaondoka. Hajarudi tena. Simlaumu.

Piga hesabu na mimi. Usafi ulikuwa unaniongezea 7,000 kwa kila saa. Ili kurudisha 150,000 ilibidi nisafishe na kuuza saa 22. Ni sawa na meza nzima niliyoanza nayo biashara.

Na kuna kitu kingine ambacho mpaka leo kinanisumbua. Zile saa zangu nilizokuwa nazamisha nzima nzima kabla ya hapo, sijui ngapi zilikuja kufa mikononi mwa wateja wiki moja baadaye. Mtu amenunua, saa imesimama, anasema "yule jamaa wa Kongo ni tapeli." Kumbe si tapeli, hajui tu. Lakini kwa mteja tofauti iko wapi?

Yule mzee ndiye aliyenikalisha chini na kunifundisha. Haya ninayoandika sasa ni ya kwake, pamoja na niliyoyaona mwenyewe mezani.

KWANZA, IJUE CHENI YAKO

Cheni nzuri za saa ni za chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi wanaita stenlesi. Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, ni mmoja wa watu wanaotajwa kukianzisha, mwaka 1913, wakati anatafuta chuma kisicholika haraka kwa ajili ya mitutu ya bunduki. Siri yake ni kromiamu. Chuma kikiwa na kromiamu kuanzia kama asilimia 10.5, kinajitengenezea juu utando mwembamba sana usioonekana, unaozuia kutu. Ukikikwaruza, utando unajirudisha wenyewe kwa hewa.

Lakini jina linaweza kukudanganya. Hakishiki kutu kirahisi. Si kwamba hakishiki kabisa. Adui yake mkubwa ni chumvi, na sisi wa pwani tunayo ya bahari na ya jasho. Chumvi ikikaa muda mrefu kwenye vijitundu vya pingili ambavyo hewa haifiki, chuma kinaanza kutoboka vidoti vidoti. Ndiyo maana cheni nyingi za saa nzuri ni za daraja linaloitwa 316L, ambalo limeongezewa molibdenamu ili livumilie chumvi zaidi kuliko lile la kawaida la 304.

Hapa kuna mtego kwa muuzaji. Saa nyingi za bei nafuu zimeandikwa nyuma STAINLESS STEEL BACK. Maana yake ni kwamba mfuniko wa nyuma ndio stenlesi. Cheni na mwili wa saa vinaweza kuwa madini mengine kabisa yaliyopakwa rangi ya fedha. Angalia kwenye kona za pingili na kwenye kifungio: ukiona rangi imebanduka na chini kuna unjano kama wa shaba, hiyo ni ya kupakwa. Usimwambie mteja ni stenlesi, na usiisugue kwa nguvu, utamaliza rangi yote.

Na ule uchafu mweusi ni nini? Ni mafuta ya ngozi, ngozi iliyokufa, jasho, losheni na vumbi. Vikichanganyika vinakuwa kama tope lenye mchanga. Kila mkono unapocheza, lile tope linasaga pini na matundu ya pingili. Ndiyo maana unakuta cheni ya zamani imelegea, inaning'inia. Kwa hiyo ukisafisha, unaifanya cheni iishi zaidi pia.

VIFAA NA GHARAMA

Mimi vilinigharimu hivi: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo 1,500. Mswaki mpya wenye nywele laini 1,000. Vijiti vya meno 500. Vitambaa laini kama vile vya kufutia miwani 2,000. Kifaa kidogo cha kutolea pini za saa 5,000. Pakiti ya pini za springi za saizi mbalimbali 5,000. Jumla 15,000, na vinasafisha saa nyingi mno. Vitu vya nyumbani utakavyoongeza ni bakuli mbili, kichujio cha chai, taulo na selotepu.

HATUA KWA HATUA

1. Tenganisha cheni na kichwa. Hii ndiyo hatua iliyonila 150,000 nilipoiruka. Tandika taulo jeupe mezani, laza saa kifudifudi. Bandika selotepu kwenye zile pembe za saa zinazoshika cheni, ili kifaa kikiteleza kisikwaruze. Bonyeza pini ya springi taratibu upande mmoja, cheni itatoka. Funika kwa kiganja, kwa sababu ile pini ikiruka utaitafuta mpaka kesho. Weka pini kwenye kifuniko cha chupa.

2. Loweka cheni peke yake. Maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, na matone machache ya sabuni. Iache dakika 10 hadi 15. Uchafu ulioganda ukilainika, huna haja ya kutumia nguvu.

3. Sugua kwa mswaki laini. Anza upande wa ndani unaogusa ngozi, huko ndiko kuna kazi. Kunja cheni ili pingili zifunguke, pitisha mswaki katikati. Fungua kifungio, sugua ndani yake na kwenye kona. Mahali ambapo mswaki haufiki, tumia kijiti cha meno. Usitumie sindano wala bisibisi.

4. Suuza kwa maji safi. Weka cheni ndani ya kichujio cha chai ndipo uimwagie maji. Kama kuna pini iliyolegea itabaki kwenye kichujio, haitaenda na bomba. Suuza mpaka povu liishe kabisa, maana sabuni ikibaki inakusanya vumbi upya.

5. Rudia kama bado. Cheni ya mtumba mara nyingi inataka raundi mbili au tatu. Badilisha maji. Ukiona maji yanabaki meupe, umemaliza.

6. Kausha kwelikweli. Futa kwa kitambaa, kung'uta, kisha laza kwenye taulo kavu mbele ya feni kwa saa kadhaa. Cheni peke yake hata ukiianika juani haina shida. Usiirudishe kwenye saa ikiwa na maji ndani ya pingili. Mimi nasafisha jioni, narudishia asubuhi.

7. Kichwa cha saa kifute tu. Hakikisha kibonye kimesukumwa ndani mpaka mwisho. Lowesha kitambaa, kikamue mpaka kisidondoke, futa mwili na mgongo wa saa, kisha pitisha kitambaa kikavu. Basi.

8. Rudisha cheni na uijaribu. Kama pini ya zamani imeliwa au ina kutu, weka mpya. Vuta cheni kwa nguvu ya kawaida pande zote mbili. Pini mbovu ikikatikia kwenye daladala, mteja anapoteza saa nzima.

Kama cheni imegoma kutoka, usilazimishe. Zungushia kichwa nailoni, kishike juu, cheni ining'inie chini, sugua kwa mswaki wenye unyevu tu. Usiloweke.

USIFANYE HAYA

Usiyaamini maandishi ya WATER RESISTANT kwa kufumba macho. Saa iliyoandikwa mita 30 au 3 BAR inavumilia mvua na matone ya kunawia mikono, si kuogelea wala kulowekwa. Tena hiyo ni ikiwa mpya. Mpira ukizeeka, maandishi yanabaki, kinga inaondoka. Kwa mtumba, mimi nachukulia kila saa haizuii maji.

Usitumie dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe. Watu wanadhani inaua uchafu haraka. Inakula stenlesi na kuacha vidoti. Chumvi na ndimu pia achana navyo.

Usitumie stili waya, msasa wala dawa ya meno. Cheni nyingi zina sehemu za mistari midogo midogo na sehemu za kung'aa kama kioo. Ukisugua dawa ya meno kwenye ile mistari, unaacha mabaka yanayong'aa, na mteja anayejua saa anaona mara moja. Hata ukifuta kwa kitambaa, fuata mistari inakoelekea.

Usiloweke cheni za kupakwa rangi nyeusi au ya dhahabu pamoja na za stenlesi. Hizo zitenge, zifute kwa kitambaa laini chenye unyevu wa sabuni, bila mswaki.

Na kama mteja anakwambia mkono unamwasha hata baada ya cheni kuwa safi, usimpe dawa za kubahatisha. Stenlesi ya saa ina nikeli ndani yake, na kuna watu ngozi zao haziipatani nayo. Mshauri achukue mkanda wa kitambaa au ngozi, na vipele vikiendelea aende hospitali. Utakuwa umeuza mkanda, na umemsaidia.

UPANDE WA BIASHARA

Moja. Usafi uonekane. Mimi naweka saa zangu cheni ikiwa imefunuliwa, upande wa ndani juu. Mteja akipitisha kidole kikatoka cheupe, nusu ya maneno nimeshamaliza.

Mbili. Safi siyo mpya. Saa ya mtumba iliyosafishwa iite saa ya mtumba iliyosafishwa. Mikwaruzo iache ionekane, mwonyeshe mteja mwenyewe kabla hajaiona. Akigundua umemficha kimoja, ataamini umemficha kumi.

Tatu. Mali ya mteja siyo ya kujaribia. Sasa mtu akileta saa, naipiga picha mbele na nyuma akiwa amesimama hapo hapo. Naandika kwenye daftari: inatembea au imesimama, kioo kizima au kimepasuka, ameomba nini. Asichoomba, namuuliza kwanza. "Dada, cheni ina uchafu, nikusafishie? Nitaitoa, kichwa sitakigusa na maji." Akikubali naandika. Akikataa naiacha na uchafu wake. Ni mali yake.

Nne. Siyo bure tena. Kusafisha cheni natoza 3,000. Nilipokuwa nafanya bure nilikuwa nafanya haraka haraka ili nirudi kwenye hela. Sasa kwa vile nalipwa, natoa cheni, naikausha usiku kucha, na siku hizi sijapata kesi.

Tano. Mfundishe mteja. Ukimuuzia mwambie: ukirudi nyumbani na jasho, ifute kwa kitambaa kikavu. Ikirukiwa na maji ya bahari, futa cheni kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba siku hiyo hiyo. Mara moja kwa mwezi au miwili, ilete nikusafishie. Hapo umeuza saa leo na umejitengenezea 3,000 za mbele.

Leo jioni kabla hujafunga, chukua saa moja tu mezani kwako. Pitisha kidole gumba upande wa ndani wa cheni, kama alivyofanya yule mama. Kikitoka cheusi, umejua kwa nini wanashika na kurudisha. Nenda nayo nyumbani ukaisafishe. Ila kichwa, ndugu yangu, kiache kikavu.

Kama unamfahamu mwenzetu anayeuza saa, mpelekee hii naye isome. Na wewe tuambie: mali gani mezani kwako ilianza kutoka baada ya kuisafisha tu?